Mbao za kupaulia Mbeya na Iringa: lipia dawa iliyoingia ndani, usilipie rangi ya kijani

Ujumbe ninaoupata zaidi msimu huu wa ujenzi hauhusu saruji wala nondo. Unahusu mbao. Dada mmoja wa Uyole alipaua kwa mbao za kijani, akalipia dawa mbao kwa mbao, na nyumba hata haijazoeleka vumbi laini likaanza kudondoka kutoka darini. Fundi alipopanda na kukata kipande cha papi, ule ubao mwembamba unaopigiliwa bati, kijani kilikuwa kwenye ngozi tu. Ndani mbao nyeupe pe, imebunguliwa matundu matundu. Kaka mmoja wa Ilula ana kesi ya aina hiyohiyo, ila yeye aliyemtembelea ni mchwa, na wameanzia kwenye mbao zilizolala juu ya ukuta.

Kwa hiyo humu sitazungumzia sana yale ambayo kila fundi atakwambia: mbao iwe imenyooka, isiwe na vifundo vingi, na uipime kwa tepu kwa sababu mbili kwa nne ya mtaani mara nyingi haifiki mbili kwa nne. Hayo mnayajua. Ninachotaka kukisema, na nitakisema mpaka kieleweke, ni kina cha dawa. Mbao zinauzwa kwa rangi, wakati rangi haizuii mdudu hata mmoja.

Dawa ya kijani inayotumika sana huku kwetu ni CCA, yaani shaba, kromiamu na aseniki vilivyoyeyushwa kwenye maji. Shaba inazuia kuvu, aseniki inaua mchwa na wadudu wanaobungua, kromiamu inavishikiza viwili hivyo kwenye nyuzi za mbao visioshwe na mvua. Ili iingie, mbao hupangwa kwenye mtungi mrefu wa chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa kwanza kutoka ndani ya mbao, kisha dawa inasukumwa kwa presha kubwa. Ni kazi ya saa kadhaa na ni ya mtambo. Ndoo na brashi haviifanyi, na pipa la kuchovya haliifanyi.

Paini inaipokea dawa hii vizuri sana. Sehemu yake ya nje, ile nyeupe inayopitisha maji mti ukiwa hai, inakunywa dawa mpaka ndani. Kiini cha katikati ndicho kinachokataa, na kiini kinakua mti ukizeeka. Sasa angalia tunachouziwa: paini nyingi za mashamba ya watu binafsi zinavunwa zikiwa changa, hazijafika hata miaka kumi na mitano, na mbao yake karibu yote ni hiyo sehemu nyeupe. Ni mbao dhaifu kuliko ya mti uliokomaa, sawa, lakini kwa upande wa dawa haina kisingizio. Ikitiwa kwa presha, inatakiwa iwe ya kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Muuzaji akikwambia “paini hii huwa hainywi sana”, mwache na mbao zake.

Sharti moja tu: iwe imekauka kwanza. Mbao iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea kitu kingine. Unyevu unatakiwa ushuke angalau chini ya asilimia 30 hivi kabla haijaingia mtungini. Hapo ndipo biashara inapoharibikia. Mti unaangushwa Mufindi, dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika, inaupasua palepale shambani, mbao inapakiwa ikiwa bado inatoka maji, na ndani ya siku chache ipo Mbeya ikiwa ya kijani na inaitwa mbao ya dawa. Hata kama iliingizwa kwenye mtungi wa kweli, dawa imebaki juu. Na kama ilichovywa kwenye pipa lenye rangi, hakuna dawa kabisa.

Mtu ataniuliza: si afadhali ngozi yenye dawa kuliko hakuna? Kwenye nguzo ya uzio ambayo hukati popote, labda. Kwenye paa hapana. Kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, ni kukata tu. Kila kona, kila maungio, kila kichwa cha mbao ni msumeno umepita, na kila ulipopita umefungua mbao nyeupe. Hapohapo ndipo misumari inapokaa, ndipo uzito wa paa unaposhukia, na ndipo mdudu anapokaribishwa. Mbao iliyonywa dawa mpaka ndani unaikata utakavyo, kinga ipo. Ile ya ngozi, fundi akimaliza kazi yake kinga imebaki mahali pasipo na kazi.

Namna ya kupima ni rahisi. Chagua mbao wewe mwenyewe, katikati ya rundo, usipewe. Ikatwe zaidi ya futi moja kutoka kichwani, kwa sababu vichwa hunywa dawa kuliko ubavu na vitakudanganya. Tazama uso wa mkato. Kijani kikiwa kimesambaa, hiyo ni dawa. Kikiwa ni mstari mwembamba kuzunguka ukingo, hiyo ni ngozi. Kukiwa na doa lisilo na kijani katikati kabisa, lenye rangi nzito zaidi kuliko mbao nyingine, huenda ni kiini cha mti uliokomaa na hilo linakubalika. Weupe mtupu unaoanzia karibu na ukingo haukubaliki. Muuzaji akikataa msumeno, omba kutoboa kwa drili tundu dogo ubavuni na uangalie unga unaotoka: uendelee kuwa wa kijani kadiri unavyozama. Mwisho, chukua kitambaa cheupe chenye unyevu ufute mbao. Kitambaa kikitoka cha kijani, ama ni rangi ama ni dawa ambayo bado haijashika. Vyote viwili usipakie.

Hili la dawa kutoshika lina uzito wake kwetu kuliko Dar es Salaam. CCA inashika kwenye mbao kwa kutegemea joto, na baridi inachelewesha. Mbao iliyotoka mtungini Mafinga au Makete mwezi wa sita au wa saba inahitaji wiki kadhaa za kukaa chini ya paa kabla haijanyeshewa wala kugusana na bati. Ikipigwa na mvua mapema, dawa uliyoilipia inakwenda na maji. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000 na watu wengi wanakinga maji ya paa kwa kunywa, hili si la kupuuza. Tena mbao mbichi yenye shaba ikikumbatiana na bati lenye zinki na aluminiamu, bati linaanza kuliwa kwa chini. Watu wanalaumu bati.

Sasa nipange, kutoka ninayoipenda hadi nisiyotaka kuiona.

Ya kwanza kwangu ni mbao ya paini iliyotibiwa na Sao Hill Industries, kiwanda kilichoko Mufindi, chini ya kampuni ya Green Resources. Sifichi kwamba naipendelea. Sababu yangu ni hii: kiwanda kinachotibu nguzo za umeme kimezoea kukaguliwa. Mnunuzi wa nguzo anatoboa na kuchungulia kina cha dawa kabla hajapokea mzigo, na mtambo ulionyooshwa na mteja wa aina hiyo unajua maana ya kina. Kwa sababu hiyohiyo naiweka Tanganyika Wattle ya Njombe, wenyewe tunaiita TANWAT, bega kwa bega nayo. Aliye Makambako, Njombe au Ludewa asihangaike kwenda mbali. Ukikata mbao za viwanda vya namna hii bado pima, lakini pima ukiwa na matumaini.

Ila kuna mtego, na wamenaswa wengi. Sao Hill ni jina la kiwanda, na pia ni jina la shamba la miti la serikali lililo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kubwa kuliko yote nchini, zaidi ya hekta 130,000 pale Mufindi. Wenye vibali vya kuvuna kwenye shamba hilo ni wengi, wakiwemo wenye dingidongi. Kwa hiyo mtu akikwambia “hizi ni za Sao Hill, mama”, anaweza kuwa anasema kweli kabisa kuhusu mti, huku hajasema neno lolote kuhusu dawa. Muulize: msitu au kiwanda? Akijibu kiwanda, aonyeshe karatasi za kununulia. Akianza kukusimulia habari za mti, umeshapata jibu.

Ya pili ni paini ya Mafinga unayoinunua nyeupe, iliyokauka, kisha unaipeleka mwenyewe kutiwa dawa kwenye mtambo wa kukodi. Hii ndiyo ninayowashauri wanaojenga Iringa mjini, maana Mafinga ni kama kilomita 80 tu na yadi zimepangana kando ya barabara kuu. Ina usumbufu wa nauli na kusubiri zamu, lakini unauona mtungi, unaona mlango ukifungwa, na unakata kipande siku hiyohiyo mbele ya aliyekuhudumia. Nunua mbao zilizopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite; zilizolaliana zikiwa mbichi zina ukungu wa bluu na hazijakauka, hata muuzaji akiapa.

Ya tatu, mlingoti, yaani mkaratusi. Una nguvu kuliko paini na watu wa Mbeya wanaupenda kwa kenchi ndefu, lakini sehemu kubwa ya mbao yake ni kiini ambacho dawa haiingii. “Mlingoti wa dawa” wa kupasuliwa ni maneno tu kwa kiasi kikubwa. Ukiununua, ununue kwa nguvu zake na usilipie kijani. Toboa kabla ya kupiga msumari, la sivyo unapasuka. Sipresi nayo ni mbao nzuri, kiini chake kina ukinzani wake wa asili, ila kuipata ya kutosha paa zima ni kazi.

Nyeupe isiyo na dawa: ni nafuu, na kama ndiyo uwezo wako weka, paa lisivuje na uwe unapanda kuangalia. Oili chafu inachafua dari na haizami ndani.

Ya mwisho, chini hata ya nyeupe, ni ile ya kijani ya kupakwa. Mwenye nyeupe anajua anacho nini na atakagua. Mwenye ya kupakwa ameambiwa alale usingizi.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tofauti ya bei kati ya nyeupe na ya kijani katika yadi moja ndiyo bei ya dawa. Ikiwa ni shilingi 1,500 kwa mbao, na paa lako linakula mbao 250, umelipa 375,000 kwa ajili ya dawa peke yake. Kwa familia nyingi hiyo ni milango miwili, ni tangi la maji, ni ada. Mtu anaichukua kwa rangi ya pipa moja, tena anaichukua kwa mjane anayejenga kwa kukusanya kidogo kidogo, na akirudishiwa mbao miaka miwili baadaye anasema hukuzitunza. Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanampa fundi chake pembeni kwa kila mbao, ili fundi ndiye akushauri yadi ipi. Mafundi waaminifu ninaowafahamu wanalichukia jambo hili kuliko mimi, kwa sababu paa likiliwa jina linaloharibika ni lao. Nenda yadini na fundi, lakini msumeno ushike wewe, na malipo yapite mkononi mwako.

Kwenye risiti ya EFD, na kama ina nafasi ndogo basi kwenye delivari, ile hati ya kupokelea mzigo, iandikwe aina ya mti, kipimo, na maneno haya: “zimetiwa dawa kwa presha”, pamoja na jina la mtambo uliotia. Karatasi iliyoandikwa “mbao 250” haitakusaidia popote ukitaka kudai haki yako.

Jambo jingine ni vipande vinavyobaki, na hili nawasihi akina mama hasa. Mbao ya CCA ikiungua, aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Marekani na nchi za Ulaya ziliiondoa dawa hii kwenye matumizi mengi ya majumbani kati ya 2003 na 2004, kwa hofu ya aseniki. Juu ya kenchi, mbali na mikono ya watoto, bado inafanya kazi yake vizuri. Jikoni haina nafasi. Kila eneo la ujenzi utakuta vijana wanachemshia ugali kwa vichwa vya kenchi, na jirani anaomba vilivyobaki kwa ajili ya jiko lake, au majivu ya kumwaga kwenye mchicha. Usimpe. Fundi afunge kitambaa puani anapokata, vumbi lizolewe, na vipande vikusanywe kwenye gunia. Visichomwe, visitengenezewe chombo cha kulishia kuku, na visitupwe mtoni.

Yadi ikikataa kukata mbao moja, jitolee kuilipia hiyo mbao. Bei ya mbao moja ukiigawa kwa paa zima ni ndogo mno. Wakikataa hata hivyo, geuza gari.