Rafu ya ukutani ya majembe toka Keko: mbao safi, kufunga ndo balaa

Mtu kaniuliza ile rafu ya vifaa vya bustani iliyoko kibarazani kwangu nilitengenezewa wapi, na jibu lake si la neno moja.

Mi nakaa Kigamboni, nina kabustani ka mchicha na bamia na uzio wa michongoma, na miaka yote vifaa vilikua vinasimamishwa tu kwenye kona ya stoo, ukivuta reki jembe linakuja, fyekeo linakufuata mguuni. Siku mdogo wangu alipokanyaga meno ya reki mpini ukamgonga paji la uso nkasema basi, nkaenda Keko, kule kwa mafundi seremala hapa Dar.

Fundi niliyempata (simtaji jina, ana familia) ana mkono kwelikweli. Alichukua mbao mbili za paini za moja kwa sita, urefu futi sita, akapiga randa mpaka ukipitisha kiganja inateleza yenyewe. Vigingi ni vya mkongo, havina msumari hata mmoja, kavichomeka kwa gundi na kuviinamishia juu kidogo ili kitu kisiteleze. Jembe linakaa kichwa juu katikati ya vigingi viwili, mpini unaning'inia. Panga na fyekeo kaviweka juu kabisa watoto wasifike. Afu kuna ujanja mi nisingeuwaza kabisa, vipande vya tyubu ya baiskeli kavipigilia kama mkanda, unachomeka mkasi wa maua, kikoleo cha miche, hata glavu. Laki na ishirini, vanishi ndani yake, na usafiri wa boda (ndio, mbao za futi sita kwenye boda tukavuka nazo daraja, msiniulize). Kwa hapo sina neno.

Shida ikawa kwenye kufunga. Kaja na nyundo na misumari ya zege. Namuuliza drili iko wapi, ananiambia "bosi, hii hata ukining'inia wewe haing'oki". Nkanyamaza, na hilo kosa langu. Hizi nyumba zetu tofali zina mchanga mwingi, ukigonga msumari lipu inapasuka kwa ndani, nje unaona imeshika vizuri tu. Siku ya nne, saa tisa usiku, kishindo hicho! mbwa wa jirani wakaanza, mi nikajua tumevamiwa, natoka na tochi nakuta rafu nzima iko chini, jembe limemega sakafu, ukutani kuna matundu unaingiza kidole gumba.

Nkampigia. Akasema anakuja Jumamosi. Jumamosi ipi hakusema.

Nikafunga mwenyewe. Nimeazima drili ya kugonga, biti ya milimita 10, fisha zake (vile vijibomba vya plastiki vinavyoingia tunduni kushika skrubu) na skrubu za inchi nne, sita jumla, tatu kila ubao. Inabidi ziwe ndefu maana ile nusu inchi ya kwanza, saa nyingine inchi nzima, ni lipu tupu haishiki kitu, fisha lazima izame kwenye tofali lenyewe. Ukitoboa biti ikazama kama kwenye mkate, hapo tofali bovu, sogea pembeni. Skrubu nyeusi za jipsam achaneni nazo kabisa, huku kwetu kwa upepo wa chumvi zinapata kutu fasta, chukueni za galvanaizi. Na nyuma ya ubao nimeweka vipande vidogo vya mbao usigusane na ukuta, hewa inapita na mchwa wakianza kupanda unawaona mapema.

Miezi saba sasa haijatikisika, na mpira wa maji nao umehamia hapo hapo. Useremala nampa 5 kwa 5, kufunga 1, na hiyo moja ni kwa sababu alikuja. Ukienda Keko patana bei ya rafu peke yake, ya kufunga usimpe.

Juzi kanitumia meseji, anaomba picha ya rafu ikiwa ukutani aweke stetasi. Nimemtumia.