Pawasaplai ya reli moja au nyingi? Niulize mimi niliyeunguza diski

Jioni moja ya Juni hapa Uyole, Mbeya, baridi imekaza, nikasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni jiko la jirani. Kumbe ni adapta ya diski, kile kiwaya cha kuipelekea umeme, ile ya kichwa cha kumiminwa kama soli ya kandambili, imeyeyukia kwenye diski yenye video za send-off mbili za watu. Pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, ya wati 850, haikuzima. Feni inazunguka tu, haina habari.

Tangu hapo kila anayenunua ananiuliza wati ngapi. Wati jumlisha mwenyewe, na Gold, daraja la kutopoteza umeme, imeandikwa kwenye boksi. Uliza hivi: njia ya volti 12, ndiyo inayoitwa reli, inakata umeme ikifika ampea ngapi?

Wati 850 za reli moja ni kama ampea 70, na ulinzi wake wa mkondo unakata juu ya hapo. Plagi ya umeme ya diski, iitwayo SATA, imepimwa ampea 4.5 tu kwenye volti 12. Shoti kamili itazima mashine, sawa. Tatizo ni shoti ya nusunusu: inavuta ampea 40, karibu wati 480 zinapikia ndani ya kesi, lile boksi la kompyuta, na pawasaplai inaona ni mzigo wa kawaida. Ni nyumba yenye breka moja kubwa badala ya breka za kila chumba. Reli nyingi chanzo chake mara nyingi ni kile kile kimoja, ila kila kundi la nyaya lina kikomo chake, mara nyingi ampea 20 hadi 40. Haizuii kila moto. Ampea 15 zingepita hata huko. Lakini ingenipa nafasi.

Kwangu ya kwanza ni be quiet! Dark Power 13, na sioni aibu kuipendelea. Inakuja na reli nne, na ukitaka moja kuna swichi unayoifungia nyuma ya kesi. Mimi sijaigusa. Kadi kubwa ya grafiki ikizima mashine katikati ya gemu, usikimbilie reli moja; soma kijitabu, gawa nyaya zake mbili kwenye reli tofauti.

Ya pili Corsair HX1000i. Nayo inabadilika, ila kwa programu ya iCUE na waya wa USB ndani. Usalama wa moto kuusubirisha Windows iwake, hapana, sijaupenda.

Ya tatu Seasonic Focus GX-750 au Corsair RM750x, reli moja, ampea 62 na kidogo. Ni mashine nzuri kabisa. Adapta za kumiminwa tupa.

Baadhi ya za bei chee zimeandikwa 12V1 na 12V2 kwenye stika, kana kwamba ni reli mbili. Stika haikati umeme.

Sasa nenda sokoni Mwanjelwa uulize. Muuzaji mmoja alinijibu, "Reli? Si ya TAZARA hiyo dada, nenda stesheni Iyunga." Akacheka, akanipa boksi lisilo na kijitabu, akasema nauli ya mzigo kutoka Dar imepanda, kwa hiyo bei ni ile ile. Nikamuuliza ile ile ipi, maana wiki iliyopita ilikuwa nyingine. Akaanza kufuta kioo cha kaunta.