Ofisi ya kujaza fomu za uhamiaji nyuma ya duka la sembe, Houston: nyota mbili

Jina la duka sitaji na la kaka mwenyewe sitaji, maana ni mtu mpole na sina ugomvi nae, ila mmoja kaniuliza juzi kama ampelekee makaratasi yake nikaona nisimjibu yeye tu, niandike kabisa.

Ni kale kachumba ka nyuma, unapita kwenye viroba vya sembe, dagaa na vitenge vimening'inia, unamkuta kaka na kompyuta mbili na printa inayopiga kelele kama mashine ya kusaga. Unapewa chai ya maziwa na andazi kabla hata hujaulizwa shida yako. Anaongea Kiswahili cha nyumbani, na kama umetoka kushinda kwenye simu unabishana na mashine inayokwambia bonyeza moja bonyeza mbili, we mwenyewe utatoa pochi bila kuombwa. Mimi nilitoa. Dola 800 zake.

Kesi yangu sio ya kujilipua, yaani kuomba hifadhi, nilikuja na viza ya masomo nikaolewa na raia wa Marekani, kwaiyo fomu zinaenda kwa mkupuo, I-130 mume ananiombea, I-485 ya grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, na I-765 ya kibali cha kazi ili ule muda wa kusubiri usikae nyumbani kuhesabu mabati. Mwaka ule wa 2024 ada za serikali zilikuwa dola 675, 1,440 na 260, piga hesabu, 2,375, hela tuliyodunduliza mwaka mzima. Kaka akatwambia tuandike cheki moja ya jumla. Wiki tatu baadae bahasha imerudi kutoka uhamiaji nene vilevile kama ilivyoondoka, kwa sababu kila fomu inatakiwa malipo yake peke yake. Mtu anayefanya hii kazi kila siku hajui hilo?? (Siku hizi hata cheki zenyewe hawapokei tena, tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 ni kadi au wakate moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, na hiyo ina fomu yake.)

Afu wakati nazipanga upya mezani kwangu ndo nikaona kwenye I-765, pale pa kuandika unaombea kwa kigezo gani, kaweka (c)(8). Hiyo ni ya walioomba hifadhi. Sisi wa grinikadi ni (c)(9). Nikampigia, akacheka, "aah dada samahani, hiyo ni ya mteja wa jana." Ya mteja wa jana! Na wale wenzetu wa hifadhi ndo mahesabu yao magumu zaidi, wanasubiri siku 150 tangu waombe hifadhi ndo waombe kibali, na hakitoki kabla ya siku 180, na ukiomba mwenyewe kesi isogezwe, saa ya kuhesabu hizo siku inasimama. Tangu Julai 2025 kibali chao cha kwanza kinalipiwa, kilianzia dola 550, zamani kilikuwa bure. Sasa fikiria anawakosea hao.

Nimpe haki yake, alirekebisha bila kuniongeza bei na mara ya pili zilipokelewa, risiti ikaja, I-797C. Hapo sasa ndo penyewe. Nikampelekea risiti, akanipa mkono, "hongera dada, sasa unaweza kuanza kazi." Na mimi nikaamini, nani asingeamini, karatasi ina nembo ya serikali na jina langu.

Nikapata kazi nyumba ya wazee, mafunzo nilikuwa nayo tayari. Siku ya kwanza HR ananipa tableti nijaze I-9, fomu ya kumthibitishia mwajiri kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Kuna visanduku vinne, cha kwanza raia wa Marekani, cha mwisho mgeni mwenye ruhusa ya kufanya kazi. Nikatoka koridoni nikampigia kaka, nakumbuka mpaka harufu ya dawa ya kudekia. Akanambia, "dada wewe tiki hapo juu, wote wanafanya hivyo, mumeo si raia?" Kidole kipo kwenye skrini. Sijui nini kilinituma nikaipiga picha ile tableti nikamtumia binamu yangu wa Dallas, sekunde hazijapita simu inaita, hata salamu hakuna, "WEKA HIYO KITU CHINI, ONDOKA HAPO." Nikamwambia HR tumbo linaniuma. Na kweli lilikuwa linauma.

Baadae nikaenda kliniki ya sheria ya uhamiaji, ile inayohudumia watu wa kipato kidogo, nikalipa dola 150 nikakaa na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Akanieleza taratibu kabisa. Risiti sio kibali, inasema tu tumepokea. Akasema aliyeingia kwa viza halafu akaombewa na mume au mke raia, akiwa kafanya kazi bila kibali, mara nyingi anasameheka kwenye grinikadi. Lakini kudai wewe ni raia wakati sio, kwenye I-9 au popote, hiyo kwa grinikadi haina msamaha, ndoa iwe ya kweli namna gani. Yaani ushauri wa bure wa koridoni ungenifungia mlango maisha yangu yote.

Akafungua nakala za fomu zangu mpaka kurasa za mwisho akaniuliza, nani alikujazia hizi? Maana kuna sehemu ya aliyekuandalia, anatakiwa aandike jina na asaini. Kaka kaacha nyeupe. Kwenye karatasi ni kama nimejaza mwenyewe, na kosa lote ni langu. Ukienda kwake angalia hapo kwanza, kabla ya chai.

Kitu kingine ambacho bado kinaniuma, alisema I-131 ya ruhusa ya kusafiri tuiache, naongeza gharama bure. Shangazi yangu aliyenilea akafariki Morogoro kesi ikiwa bado. Ningetoka bila hiyo ruhusa ombi la grinikadi lingehesabiwa nimeliacha. Nikazika kwa WhatsApp, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, mtandao unakatika pale pale kwenye kaburi.

Kadi ya kazi ilikuja baada ya miezi minne, na namba ya soshal, ile ya hifadhi ya jamii, niliiomba humo humo kwenye I-765 ikaja yenyewe kwa posta. Nikarudi nyumba ya wazee ileile. HR akataka na grinikadi juu yake, nikamwambia kwa upole dada, hii kadi peke yake inatosha, ipo kwenye orodha A ya hati za I-9, akaangalia, akakubali. Kisanduku cha nne. Yangu ilikuwa ya miaka 5, nyie mnaoomba sasa, kuanzia tarehe 5 Desemba 2025, ni miezi 18 tu, na wanaoomba upya tangu 30 Oktoba 2025 hawaongezewi tena muda moja kwa moja wakati wanasubiri, kwaiyo zikibaki siku 180 iishe peleka, usingoje.

Kwa kaka nenda kwa kuchapa, kutoa kopi, kuskani. Swali lolote linaloanza na "naruhusiwa" usimuulize. Nyota moja ni ya kurudia kazi bila kunitoza. Ya pili ni ya picha za pasipoti, dola 10, kashika taa vizuri rangi yangu imetoka kama nilivyo, sio ile majivu wanayokutoa kwenye maduka ya dawa. Na andazi lina iliki.