Power BI katika ofisi ya shamba la maua: inasaidia, lakini chunga nguzo nyekundu

Huku Naivasha, Januari tunaajiri na Machi tunaagana. Maua ya Wapendanao ni lazima yatoke kabla ya 14 Februari, kwa hiyo watu huingia kwa mikataba mifupi ya msimu. Mimi ndiye ninayetunza mafaili ya wafanyakazi, na swali la meneja halibadiliki: mbona watu wanatuhama? Siku hizi namjibu kwa Power BI, programu ya Microsoft inayogeuza data kuwa grafu.

Toleo la kompyuta ni la bure na linasoma faili la Excel vizuri. Linataka Windows, mwenye Mac atafute jingine. Litakalokuudhi mapema ni miezi: kama umeiandika kwa maneno, inapangwa kialfabeti, Agosti mbele, Aprili nyuma yake. Ongeza safu ya namba za miezi, uiagize ipange kwa hizo.

Hesabu ya kiwango cha wanaoondoka ni nyepesi. Ukianza mwaka na watu 400 ukamaliza na 360, wastani ni 380. Wakiondoka 76, hiyo ni asilimia 20 ya wastani huo. Shida ni kwamba grafu ya nguzo ya idara kwa idara hupenda kuchongea wanyonge. Idara ya watu watano wakiondoka wawili, nguzo inaruka hadi asilimia 40, na ukiipaka nyekundu kila mtu anamgeukia supavaiza wake. Siku hizi naweka idadi ya watu kando ya kila asilimia. Waliomaliza mkataba wa msimu pia nawatenga. Hao hawakutuhama, sisi ndio tuliowaaga.

Grafu iliyonifaa kweli ni ya mistari: unachukua walioajiriwa mwezi mmoja, unaangalia wangapi bado wako baada ya mwezi, miwili, mitatu. Mstari wa wavunaji ulishuka polepole. Wa banda la kupangia maua ulienda sawa, halafu mwezi wa pili ukaporomoka. Nikabofya kichujio cha zamu: za mchana hazina neno, ni za jioni tupu.

Programu haikusema kwa nini. Ilibidi niende bandani niulize. Kumbe msimu ukipamba moto zamu inachelewa kuisha, na basi linawashusha akina mama barabarani Karagita, wamalizie gizani kwa miguu. Kwenye fomu za kuondoka wote walikuwa wameandika “sababu za kibinafsi”. Hapo hata programu ya mamilioni ingenyamaza.

Kushirikisha wenzako mtandaoni ndiko kunakouma mfukoni: leseni ya Pro ni dola 14 kwa mtu kwa mwezi tangu Aprili 2025, ilikuwa 10. Mimi natoa PDF namtumia meneja kwa WhatsApp, ingawa vichujio havibofyeki humo. Na tafadhali, kile kitufe cha kuchapisha wazi kwenye wavuti usikiguse ukiwa na majina ya watu. Mwenye kiungo yeyote ataona, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo.

Kwa shamba la mamia ya watu naipa nyota nne kati ya tano. Mwenye hoteli ya wafanyakazi kumi na wawili pale mjini Nakuru asihangaike nayo; awaulize tu wakiwa wanakunywa chai.