Bei za Mtaa wa Aggrey: simu ndiyo, pawabenki kwa tahadhari

Simu mpya inayouzwa katika maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mara nyingi ni ile ile inayouzwa kwa bei ya juu zaidi kule Mlimani City, kwa sababu mfanyabiashara wa Kariakoo huridhika na faida ndogo kwa kila simu na hutegemea wingi wa wateja. Hapo unafuu wa bei haupunguzi ubora hata kidogo. Mnunuzi abonyeze *#06# kabla ya kulipa, alinganishe namba ya IMEI (utambulisho wa kipekee wa kila simu) na iliyo kwenye boksi, kisha adai risiti na waranti ya maandishi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilianza kuzifungia simu bandia zisipate mtandao tangu Juni 2016.

Kwenye pawabenki ndiko watu wanakoumia, na jambo hili linanikera kweli. Nilioneshwa moja iliyoandikwa 50,000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa), nyepesi kuliko simu yangu, nikaikataa papo hapo. Seli ya lithiamu aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi na kwa kawaida haizidi 3,500 mAh, hivyo uwezo huo ungehitaji takriban seli 15, yaani zaidi ya nusu kilo. Nilichukua ya 10,000 mAh, yenye bei kubwa zaidi, nzito mkononi, iliyoandikwa ubavuni 37 Wh (wati-saa, kipimo cha nishati). Inaijaza simu ya 5,000 mAh mara moja na kubakiza kidogo, kiasi cha haki ukizingatia umeme unaopotea volti za seli zinapopandishwa hadi 5.