Unga wa keki usio na ngano wala mahindi: nimeupikia hapa Kigoma, tuseme ukweli

Mwakeye wapendwa, na nyie wa Dar na Mombasa mambo vipi, karibuni tena jikoni kwangu hapa Mwanga. Leo sipambi keki, leo naongelea unga, maana kuna mama mmoja mteja wangu mtoto wake ana mzio wa ngano na wa mahindi, vyote viwili, na alitaka keki ya bethidei ya kueleweka, sio ile unamkatia mtoto matikiti unamwambia hii ndo keki yako.

Sasa hapa mezani nina vitu vitatu. Hii pakiti ya kwanza ni ya Bob's Red Mill ya Marekani, ile iliyoandikwa 1-to-1, nililetewa na ndugu yangu. Hii ya pili nayo ya nje, sitaitaja jina maana shida yake sio yake peke yake. Na hili kopo hapa ni mchanganyiko wangu mwenyewe wa mchele na muhogo wa hapa hapa Kigoma.

Nianze na hii ya pili. Mbele imeandikwa gluteni hamna, herufi kuuubwa, na kweli ngano haimo, haijadanganya mtu. Lakini geuza nyuma, soma... mchele, viazi, halafu hii hapa, mahindi. Jamani! Gluteni, ile protini inayoshikisha unga, inayosemwa hapo ni ya nafaka za ngano, shayiri na rai, mahindi hayana hiyo gluteni ndo maana viwanda vingi vinayatumia kama kijazio, wanga wa mahindi ni mwepesi na keki inakuwa laini. Kwa asiyekula ngano tu hapo hana neno, anunue ale. Kwa huyu mtoto wa mteja wangu ungekuwa umemnunulia matatizo kwa hela nyingi.

Na usitegemee kwamba mahindi yatakolezwa wino kama karanga au maziwa. Kule Marekani sheria yao ya mwaka 2004 ilitaja vyakula 8 vya mzio ambavyo lazima vitajwe wazi, mwaka 2023 ukaongezeka ufuta vikawa 9, na Ulaya wanavyo 14, mahindi hayamo kote huko. Kwahiyo unasoma neno moja moja mpaka mwisho. Ukikuta dekstrozi au maltodekstrini, mara nyingi kule Marekani chanzo chake ni mahindi. Ukikuta wameandika wanga tu bila kusema wanga wa nini, mimi narudisha dukani.

Haya, Bob's Red Mill. Kilichomo ni mchele mweupe ule wa kunata, mchele wa kahawia, wanga wa viazi, mtama, muhogo, na zanthani ya kushikisha. Ngano hamna, mahindi hayajaandikwa. Ila hiyo zanthani inatengenezwa na bakteria wanaolishwa sukari, na sukari hiyo mara nyingi inatoka kwenye mahindi, kwahiyo kwa mtu ambaye mzio wake ni mkali hata hapo aulize daktari wake kwanza, mimi ni mpika keki tu. Kwa kuoka lakini, raha! Unapima uzito uleule ambao ungepima wa ngano, unachapa siagi na sukari na mayai kama kawaida yako, na keki inapanda. Nimeoka kwa sufuria, mkaa chini kidogo na juu ya mfuniko mwingi, sio oveni, na imetoka vizuri tu, tazameni hapa ndani ilivyo. Mdomoni kuna kachengachenga ka mchele kwa mbali, dawa yake ni kuacha rojo ikae kama nusu saa kabla hujamimina ili mchele unywe maji, na keki isikatwe ikiwa ya moto kwasababu itameguka yote halafu useme unga mbaya.

Tatizo ni kuupata, na bei. Pakiti ni gramu 620 hivi, keki moja ya maana imeisha, na hapa Kigoma sijauona dukani. Kwa sherehe moja sawa, kwa mtoto anayetaka maandazi kila asubuhi sahau.

Ndo tunakuja kwenye kopo langu, na hapa nitakaa sana.

Gramu 300 unga wa mchele, gramu 150 unga wa muhogo, gramu 50 wanga wa muhogo, ule mweupe unaotulia chini ukikamua muhogo mbichi uliokunwa. Cha kushikisha natumia isabgol, maganda ya mbegu yanayouzwa duka la dawa kwa watu wenye choo kigumu, msicheke, kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 150 za unga, ukiyaweka kwenye maji yanakuwa ute mzito na huo ute ndo unafanya kazi ya gluteni. Ukikosa, ongeza yai moja, inasaidia japo sio sawasawa.

Unga wa muhogo nao usichukue ule wa ugali uliovundikwa, harufu yake kwenye ugali na migebuka ni tamu sana lakini kwenye keki ya vanila hapana. Chukua muhogo mtamu, sio ule mchungu maana ule una sumu ya sayanaidi na ndo sababu wazee wanauvundika kabla ya kula, menya, kuna, anika jua kali ukauke kabisa.

Kusaga sasa! Hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Unapeleka makopa yako safi mashineni, mtu aliyekutangulia kasaga dona debe zima, unga wake umebaki kwenye chekecheo, kwenye mfuko, kila mahali, wewe unasagiwa hapohapo na unarudi nyumbani na unga wa muhogo wenye mahindi. Hata kinu cha nyumbani kama kimetwanga mahindi miaka yote, ule mti umeshayashika. Mimi nasaga kwa brenda ambayo haijawahi kuona mahindi, nachekecha, nasaga tena chenga. Inachosha, brenda inapata moto, unapumzika unaendelea. Na wale mnaoniambia nitumie unga wa lishe kwasababu ni wa afya, soma pakiti, mahindi yamo mengi tu na wengine wanatia ngano.

Halafu beking pauda. Nyingi zina wanga ndani wa kuzuia isigande na wanga huo kwa kawaida ni wa mahindi, aisingi shuga pia hivyohivyo, na kastadi ndo usiseme, ile yenyewe ni mahindi yaliyotiwa rangi. Kwahiyo natumia beking soda tupu na mtindi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha mtindi, na ukishachanganya usisimame kupiga soga, mimina weka motoni. Aisingi nasaga sukari nyeupe na kijiko cha wanga wa muhogo, basi.

Matokeo yake haya hapa. Haijapanda kama ya Bob's, nawaambia ukweli, ni nzito kidogo na kesho yake inakauka, ioke siku ya kula. Lakini ladha naipenda zaidi, ina utamu wa muhogo kwa nyuma, na ukitia ndizi mbivu na iliki inakuwa kitu kingine kabisa. Na mlioniuliza kama mawese yanafaa kwenye keki, kwenye ya ndizi kidogo tu inakubali na rangi inapendeza, kwenye ya vanila usijaribu.

Na nyie wa Ujiji mnacheka najua, maana vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele na nazi toka zamani, ngano ya wapi mahindi ya wapi. Ni kweli kabisa. Kwa chai ya asubuhi mimi huyo mama nimemwambia asihangaike na pakiti yoyote, apike vitumbua. Ila bethidei mtoto anataka kupuliza mishumaa juu ya keki, na vitumbua ukivipanga mishumaa inaanguka.

Mwenye kujua mashine inayosaga muhogo tupu, iwe Kibirizi iwe Ujiji, aniandikie hapo chini, brenda yangu imeanza kunuka.