Majedwali ya ajira ya Eurostat: yafungue, ila usiyasome peke yake

Kama unapima ukatafute kazi nchi gani ya Ulaya, au uko huku tayari na unawaza kuhama, sijaona huduma ya bure inayoifikia hii. Eurostat ni ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, makao yake Luxembourg. Majedwali yake yako wazi kwa kila mtu: hulipi, hufungui akaunti, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Mimi nahudumia wazee hapa Ujerumani, zamu za usiku, na wenzangu wakiniuliza, "Dada, Uholanzi si afadhali?" sitaki kuwajibu kwa habari za kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mwingine. Nafungua jedwali, tunaangalia pamoja.

Lugha za tovuti ni tatu tu, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na kwenye simu majedwali yanabanana. Tumia kompyuta.

Jedwali ninalolipenda kuliko yote ni la saa za kazi kwa wiki. Mwaka 2024 wastani wa Umoja mzima ulikuwa saa 36. Ugiriki walikuwa juu kabisa, saa 39.8, na Uholanzi chini kabisa, saa 32.1. Mtu akiona hivyo atafunga virago aende Uholanzi, maana huko watu wanapumzika. Subiri kwanza. Pale pembeni pana sehemu ya kuchagua: wanaume au wanawake, umri, na kama ni kazi ya saa kamili au ya saa pungufu. Chagua saa kamili peke yake, na pengo kati ya nchi hizo mbili linapungua sana. Sababu ni kwamba Uholanzi karibu wafanyakazi wanne kati ya kumi wako kwenye saa pungufu, na kwa wanawake ni zaidi ya nusu. Ugiriki nako, kuliko nchi nyingine yoyote ya Umoja, sehemu kubwa ya wafanyakazi wamejiajiri wenyewe, na mwenye duka hafungi saa kumi jioni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayetaka kuhama ni hili: unataka saa pungufu, au utapewa saa pungufu wakati unahitaji kamili? Uholanzi sheria inamkataza mwajiri kumdhulumu wa saa pungufu kwa kuwa tu saa zake ni chache, na tangu Januari 2024 kima cha chini cha mshahara kinahesabiwa kwa saa. Mama mwenye watoto wadogo anaweza kuishi vizuri kwa mpango huo. Anayetuma fedha nyumbani kila mwezi na kulipa kodi ya chumba Amsterdam atauona uzito wake. Eurostat wana jedwali jingine la wale walio kwenye saa pungufu kwa kukosa kazi ya saa kamili. Lisome sambamba na lile la kwanza, ndipo wastani utakapokwambia kitu.

Jambo jingine la kujua kabla hujaamini asilimia yoyote: ukifanya kazi ya malipo saa moja tu katika wiki ya uchunguzi, unahesabiwa umeajiriwa. Ndiyo kanuni ya kimataifa, haina hila. Lakini ndani ya ile asilimia 75.8 ya watu wa miaka 20 hadi 64 waliokuwa na ajira katika Umoja mwaka 2024, fundi wa kiwandani mwenye mkataba wa kudumu na anayefagia ofisi jioni mbili kwa wiki wote ni mmoja mmoja. Hapa Ujerumani kuna kazi ndogo ndogo ziitwazo minijob, ambazo mwaka 2025 malipo yake hayakuruhusiwa kuzidi euro 556 kwa mwezi. Nawajua watu wanaoishi kwa kuunganisha hizo. Katika jedwali wako upande wa waliofanikiwa.

Angalia pia vijiherufi vilivyo kando ya tarakimu, nawasihi. Herufi b inamaanisha namna ya kuhesabu ilibadilika, kwa hiyo mwaka huo usiulinganishe na uliotangulia kana kwamba ni mfululizo mmoja. Utaikuta sana mwaka 2021, kanuni mpya zilipoanza za uchunguzi wa nguvukazi, yaani mahojiano ambayo Eurostat hupata humo tarakimu hizi za ajira. Herufi u ni tarakimu isiyoaminika sana kwa sababu waliohojiwa walikuwa wachache. Napenda mno uaminifu huu. Ofisi inayokwambia yenyewe wapi usiitegemee inastahili kutegemewa pengine pote.

Kwenye mishahara uwe na subira zaidi. Mwanzoni mwa 2025 kima cha chini kilikuwa euro 2,638 kwa mwezi Luxembourg na euro 551 Bulgaria, karibu mara tano. Ukichagua kipimo kinachozingatia bei za vitu, tofauti kati ya wa juu na wa chini inashuka chini ya mara tatu. Na nchi tano, yaani Denmark, Uswidi, Finland, Austria na Italia, hazina kima cha chini cha kitaifa kabisa. Msidhani huko hakuna sakafu. Mishahara inapangwa kwenye mikataba ya hali bora kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, sekta kwa sekta. Anayekwenda Denmark aulize chama kabla ya kuuliza serikali.

Sasa, hali yenyewe ya kazi: mgongo, usingizi, bosi. Eurostat haikufikishi mbali hapo, na ndiyo maana nasema usiisome peke yake. Nenda kwa Eurofound, wakala wa Umoja ulioko Dublin tangu 1975. Uchunguzi wao wa mazingira ya kazi ulianza 1990, na ule wa 2024 ulihoji wafanyakazi zaidi ya 36,000 katika nchi 35. Niliposoma maswali yao niliona aliyeyaandika anajua kazi ni nini. Wanauliza kama kazi yako ni ya kunyanyua au kusogeza watu. Wanauliza kama unasimama au kuinama kwa namna inayochosha na kuumiza. Wanauliza kama bosi wako anakusaidia, na kama kati ya zamu mbili umewahi kupata mapumziko chini ya saa 11, ambazo ni haki yako kwa sheria ya Umoja. Nani mwingine ameniuliza hayo?

Udhaifu wake ni idadi. Katika nchi nyingi wanahojiwa watu elfu moja na ushee, kwa hiyo ukitaka wahudumu wa wazee wa zamu ya usiku Denmark peke yao, hutabaki na watu wa kutosha kusema lolote. Utasoma sekta nzima ya afya, basi.

Linaloniuma ni kwamba chunguzi zote mbili, ule wa nguvukazi na huu wa Eurofound, huwafuata watu kwenye makazi ya kawaida. Anayelala kwenye bweni la shamba la stroberi Huelva, Uhispania, au kwenye kontena wakati wa mavuno ya asparaga huku kwetu, halafu anarudi kwao baada ya miezi mitatu, ni vigumu kumkuta humo. Hao ndio wenye saa ndefu na makato ya ajabu kwenye malipo. Ukipewa kazi ya msimu, basi, wastani wa nchi hautakusaidia. Mwombe mwajiri mkataba kwa lugha unayoisoma, ulizia kitanda kinakatwa shilingi ngapi, na utafute ofisi ya ushauri ya chama cha wafanyakazi ya eneo hilo kabla hujapanda basi.

Kwa kazi ya mwaka mzima, fungua Eurostat, chagua jinsia yako, umri wako na saa unazozihitaji, kisha nenda Eurofound na sekta yako mkononi. Jioni moja inatosha.